Michembe ya Kabula

Nakumbuka ndoo moja, mwanangu. Ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni, imekaa nje ya mlango uliofungwa, na hakuna aliyeigusa tangu jana yake. Ndoo hiyo niliipandisha mwenyewe, kichwani, kutoka bombani hadi juu kwenye mawe ya mlima wa Igogo. Nikikuona sasa umemaliza chuo, umekaa na simu yako, na kila ukija hapa unaniuliza umeletwa duniani kufanya nini, ndoo ile inanirudia. Basi nikusimulie. Usiwe na haraka, maana hata swali lako halina haraka.

Umri wangu ulikuwa kama wako. Ilikuwa miaka ile tuliyoiita ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni tuliamka tukakuta maduka ya mjini yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba imemwagwa chini kila kona, na kila kibanda kina redio inayolia. Sabuni zikawepo, hela ya kuzinunulia ikatoweka. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba yangu kilipunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Alirudi na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akakaa muda mrefu bila kuipanda. Nyumbani tukawa tunakula mara moja kwa siku, jioni, na hatukumwambia mtu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Niliuza mitumba nikashindwa, nikabeba samaki mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nikafukuzwa kwa kuchelewa. Nikabaki kijiweni na wenzangu, kazi yetu kuwasema wapita njia. Hapo ndipo aliponikuta Mama Resti, muuguzi mstaafu wa mtaa wetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanitazama mikono.

"Masanja, hiyo mikono unamtunzia nani?"

Wenzangu wakacheka. Kesho yake nikajikuta uani kwake. Alikuwa amekusanya watu wachache, Wakristo kwa Waislamu, wa kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI pale mtaani. Dawa za siku hizi zilikuwa hazijatufikia, na watu waliogopa hata kulitaja jina la ugonjwa. Tulichota maji, tulifua, tulipasua kuni. Mama Resti alitufundisha kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kula sahani moja. Akatupa na sharti: tusile kwa wagonjwa, kwa sababu chakula chao ni kidogo na sisi tumekwenda kuwapunguzia mzigo. Lilikuwa sharti la huruma, na sikuona kasoro yake.

Nikapangiwa nyumba ya Kabula. Alikuwa dada wa makamo, zamani akikaanga samaki pale chini barabarani, na watu walikuwa wakishuka mlima kwa ajili ya samaki wake tu. Alipougua, hata waliokuwa wakimkopa wakasahau njia. Alibaki na mama yake, Bibi Holo, aliyetoka kila asubuhi kuuza mchicha ili wapate unga.

Baiskeli haipandi mawe yale, kwa hiyo maji nilibeba kichwani kama wanawake. Nilipokatiza kijiweni wenzangu walipiga kelele, "Masanja, kwani umeolewa lini?" Niliona haya, lakini nakuambia ukweli, niliona na fahari. Nilijiona mtu mwema. Kutoa ni moyo, nilikuwa nikijisemea kila jiwe nililokanyaga, na moyo niliouwaza ulikuwa wangu peke yangu.

Sasa siku moja nikafika nikamkuta Kabula jikoni. Alikuwa hajasimama kwenye mafiga kwa miezi. Amejishikiza ukutani, jasho linamtoka, na mbele yake kuna sahani ya michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika, ameichemsha na kuipondea karanga. Harufu yake, mwanangu! Tangu jana yake jioni sikuwa nimeonja kitu.

"Kaa ule, Masanja," akasema.

Nikakumbuka sharti. Nikatabasamu tabasamu langu la mtu mwema.

"Asante dada, nimeshiba."

Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akafunika sahani. Nikamimina maji kwenye mtungi, nikarudi bombani kujaza ndoo ya pili, na nilipopanda tena nikakuta mlango umefungwa. Nikadhani amelala. Nikaiacha ndoo mlangoni nikateremka.

Kesho yake ndipo nilipoikuta ndoo ile ninayokuambia. Maji yale yale, na mdudu mmoja anaelea juu. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena, nikasikia kikohozi ndani, kisha kimya. Hasira zikanipanda. Kumbe hata kazi ya bure nafukuzwa! Binamu yangu alikuwa ananiita machimboni Geita, kwenye dhahabu, na pale pale mlangoni nikakata shauri kwamba kesho naondoka, watu wa Igogo wajichotee maji yao.

Nikiwa nateremka nikakutana na Bibi Holo anapanda, ungo wa mchicha kichwani, haujauzika. Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba. Aliutua ungo juu ya jiwe kwanza, taratibu.

"Wewe umemfanya nini mwanangu? Tangu jana hali, hanywi. Anasema asikanyage mtu mlango wake mpaka afe, na maji yako amenikataza nisiyaguse."

"Mimi, bibi? Mimi nimempelekea maji tu."

"Amenyanyuka kitandani, akakupikia. Ukala?"

Nikamweleza lile sharti, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Majirani hawali kwetu kwa kuogopa. Wewe huli kwa kutuhurumia. Mgonjwa aliyelala mle ndani atajuaje tofauti?" Akaupapasa mchicha wake uliokuwa unanyauka. "Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimaanisha mgeni akija, kinapikwa, kinaliwa, nyumba inakuwa nyumba. Sasa wewe ni mgeni gani? Unaingia unatua maji, unatoka. Umemwachia nini cha kukupa?"

Akanisogelea hatua moja.

"Halafu ulikuwa umeshiba kweli?"

Mwanangu, bibi yule alinitazama hivi, kuanzia mashavuni mpaka mbavuni. Mtu aliyewahi kulala njaa humtambua mwenzake. Nikainama, nikasema hapana. Akanyanyua ungo wake akaniambia, "Basi rudi ukamwambie yeye."

Niliupanda tena mlima ule, mikono mitupu, na ulikuwa mrefu kuliko siku zote nilizobeba ndoo. Nikasimama mlangoni.

"Hodi. Dada Kabula, hodi."

Nikausogelea mlango.

"Dada, nina njaa."

Kijana mzima, napiga kelele za njaa kwenye mlango wa mgonjwa! Mwishowe sauti ikatoka ndani.

"Jana si ulishiba?"

"Nilikudanganya. Kwetu tunakula jioni tu. Mzee hana kazi."

Komeo likavutwa. Alisimama pale, amekonda, kanga imemzidi, ananitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa ananiona.

"Imelala," akasema. "Imeanza kuchacha."

"Hiyo hiyo."

Tulikaa nje, juu ya jiwe la uani, mchana kweupe, sahani moja katikati, mikono yetu miwili humo humo. Ziwa lilikuwa linang'aa chini yetu. Sijawahi kula michembe mitamu kama ile iliyochacha. Katikati ya kula akapita Mama Shija, jirani yao, na ndoo yake. Kabula akamkaribisha, kama desturi inavyotaka.

"Karibu, mama. Karibu tule."

"Asante, nimeshiba," akajibu yule mama, hatua mbio mbio.

Tukatazamana mimi na Kabula, tukaangua kicheko, naye akacheka mpaka akakohoa mpaka nikaogopa. Lakini kicheko kilipoisha nilikuwa nimelisikia neno langu kwa masikio yake, na likaniuma.

Tulipomaliza akachana kipande cha kanga kuukuu, akakisokota, akanitengenezea kata ya kuwekea ndoo. "Mwanaume gani anabeba ndoo bila kata? Utapata kipara kabla ya mke." Kipara unakiona mwenyewe. Mke alikuja kwanza, namshukuru Mungu.

Machimboni sikwenda. Mama Resti nilimweleza yote, naye akasema, "Basi kuleni." Tukawa tunakula nje, makusudi, na kila aliyepita Kabula alimkaribisha. Siku moja Mama Shija akasimama. Akachukua kipande kimoja cha michembe, akakitafuna wima kama anayeonja dawa. Baadaye akaja na karanga zake mwenyewe, akakaa. Mvua za vuli ziliponyesha Kabula alitutoka, na sitakudanganya kwamba upendo ulimponya. Lakini mlango wake haukufungwa tena, na maji ya kumwogeshea siku ile aliyapandisha Mama Shija. Bado namkumbuka dada yule kila nikinusa karanga, na nikimkumbuka nalia kidogo, usishangae.

Ufundi wangu wa useremala niliupata baadaye, na huo ndio ulionilisha. Ila mtu niliye leo alianza kwenye jiwe lile. Wewe unatafuta kazi kubwa ya kuibadilisha dunia, nami sikukatazi. Jiunge na hao vijana wenzako wanaojitolea, kapandeni miti, kafundisheni watoto, mikono msiitunzie mtu. Lakini usiende kwa watu ukijifanya umeshiba. Nenda na njaa yako. Waambie unachokikosa, pokea wanachokupa, hata kama kimechacha, ndipo na wao watapokea chako bila kuinamisha kichwa. Ukitaka kujua umeletwa duniani kufanya nini, anza na nyumba moja ambako wewe utamhitaji mtu, na mtu atakuhitaji wewe.

Mungu akupe nguvu ya kupanda mlima na mzigo wa mwenzako, akupe na mwenzako wa kukusokotea kata. Mlango wako usikose mgeni, na mgeni wako asikose njaa.

Haya, kanawe mikono, chakula kinakuja. Na usiniambie umeshiba.