Nyati niliyemtunga nikiwa ofisini Karatu

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka thelathini na moja, Mwiraqw, mama wa mtoto mmoja, afisa mawasiliano wa kampuni ya kambi za watalii. Ofisi yetu iko Karatu. Kazi yangu ni kuisemea kampuni, na mdomo ninao, wanaonijua hawabishi.

Wiki tano zilizopita walinzi wa kambi yetu ya upande wa Piyaya walimkamata mfugaji aliyenywesha ng'ombe maji ya kambi. Walimpiga marungu mpaka taya likavunjika, ulimi ukachanika, meno manne yakabaki mchangani. Mkuu wao alinipigia: "Dada, tumempiga vibaya, ila anapumua." Mara akapiga meneja. "Redio wanauliza. Andika ni nyati." Nikamwomba niende kwanza nikamwone mgonjwa. Akanijibu, "Tunakulipa uandike au uzurure?"

Nikaandika. Tena kwa ufundi, Mungu anisamehe: nyati dume, pembe moja imevunjika, amemvamia mfugaji kwenye njia ya maji, kampuni inampa pole. Ile pembe niliiongeza mwenyewe ili habari iaminike. Redio ikaisoma. Mgonjwa angekanusha vipi? Alikuwa hospitalini Wasso, taya limefungwa nyaya, ulimi umeshonwa, kuandika hajui, na ndugu zake walikuwa hawajamfikia.

Nilisahau kwamba wanaosikiliza ni wafugaji. Mtalii akisikia nyati anatafuta kamera. Kule, nyati aliyejeruhi mtu kwenye njia ya maji haachwi, maana kesho wanawake watapita hapohapo na madumu. Asubuhi vijana walitoka na mikuki kumtafuta mwenye pembe moja. Wakamkurupusha mwingine kichakani, mzima, pembe zote mbili. Mdogo wake mgonjwa ndiye alikuwa mbele. Nyati alimpasua tumbo, akamrusha, akarudi kumkanyaga. Wenzake walipomuua yule mnyama, kijana alishakata roho, utumbo uko nje kwenye vumbi.

Kampuni ikanituma na mchele na sukari kupeleka rambirambi. Mama yao akanishika kichwani. "Asante mwanangu. Wengine wangenyamaza, ninyi mlitutangazia mapema." Akanimiminia chai, nikainywa.

Wenzangu wa kazi hii, mjifunze kwangu. Bosi akikubana, andika "tumepata taarifa, tunafuatilia" uishie hapo, hakuna atakayekufa kwa sentensi hiyo. Chanzo usichokiona usikitaje. Kamwone aliyeumia kabla hujafungua kompyuta, na ujiulize watakaokusikia watainuka kufanya nini.

Jana nilikwenda Wasso. Mgonjwa aliponiona, na sare yangu ya kampuni, aliinua mkono akaushusha kwa nguvu, mara tatu, machozi yanamtoka. Mama yake akamshika bega. "Anakuonyesha nyati alivyompiga."

Nikaitika, "Ndiyo, yeyo," nikimwita mama kwa lugha yao.

Nyaya zinatolewa baada ya siku sita. Nikisema ukweli, mikuki ileile itakwenda kwa walinzi, nao wana watoto. Nikinyamaza, mgonjwa atasema mwenyewe, na mama atajua nilikaa kwake nikanywa chai yake huku najua. Ndugu zangu, nimtangulie mwanawe kumwambia mama? Na nikimwambia, naanzia wapi?