Kompyuta Kwenye Gunia la Uwele

Nakiri: nilipoimwagia maji kompyuta ya mama, yenye alama zote za darasa analofundisha, niliiwasha ikiwa imelowa. Ikazimika. Kaka yangu, mjuaji aliyefeli hesabu mara mbili, akatoa ushauri: "Ifukie kwenye mchele, dogo!" Mchele hatukuwa nao, nikaifukia kwenye gunia la uwele wa bibi wa Kibakwe. Asubuhi punje zilikuwa zimejaa kila tundu, na yenyewe bado haiwaki.

Fundi wa Chang'ombe aliifungua, akaniangalia kama mavi ya mbuzi. "Humu umelima?" Akang'oa betri, akasugua kwa spiriti, akaikausha. Ikawaka, alama zote zipo. Uwele akanifungia kwenye mfuko.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Aliutazama ule mfuko, akasema, "Huo ndio ugali wako wa leo. Mboga usiniulize."