Neno Nililomtafsiria Mama

Mama alianza kuvimba miguu msimu wa kuchuma kahawa, na sote tukadhani ni uchovu. Kwetu Githongo, msimu huo hakuna asiyelalamika miguu. Tena mama alikuwa akienda soko la Gakoromone siku mbili kwa wiki kuuza ndizi, na hakuwa mtu wa kuketi ilhali wateja wamesimama. Lakini baba alipomwona akipumzika mara tatu kwenye kilima cha kutoka mtoni, mahali alipozoea kupanda na mzigo mgongoni huku akiongea, alinipigia simu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari karibu na Karurumo, upande wa Embu nilikoolewa. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikamchukua mama, nikampeleka hospitali mjini Meru.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni. Alimpima mama, akasoma karatasi za vipimo, akaanza kueleza kwa Kiswahili. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha bei na maamkizi. Nikamwambia daktari aendelee tu kwa Kiingereza, kwamba mimi ni mwalimu wa Kiingereza na nitamtafsiria kwa Kimeru. Akashusha pumzi kama mtu aliyepunguziwa kazi. Akasema mama ana "heart failure."

Mama hakungoja tafsiri. Neno la pili alilijua. Ndilo nililokuwa nikimsomea nikiwa msichana, kila shule zilipofungwa, kwenye fomu za ripoti za kaka zangu.

"Failure?" akaniuliza kwa Kimeru. "Ile ya mtihani?"

"Ndiyo," nikasema. "Moyo wako umefeli."

Daktari aliendelea. Alitaja dawa na kazi ya kila moja, chumvi, mizani, tarehe ya kurudi. Nadhani alisema pia kwamba watu huishi na ugonjwa huo miaka mingi wakifuata masharti, lakini maneno mengine ya kitabibu yalinipita. Mimi mwenyewe jina la ugonjwa huo nilikuwa nimelisoma kwenye matangazo ya vifo tu. Ningeweza kusema, daktari, hapo sijakuelewa. Ila nilikuwa nimeshamwambia kazi yangu. Nikaitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Mama nikamtafsiria saa za kumeza dawa na habari ya kupunguza chumvi, yaliyobaki nikayaacha mle chumbani.

Kwa Kimeru moyo ni nkoro, na nkoro si nyama inayopiga kifuani peke yake. Ukisema fulani ni mwema au ni mchoyo, nkoro yake ndiyo unayoisema. Hilo sikulifikiria siku ile. Tulipokuwa tukingoja dawa dirishani, mama aliniuliza swali moja tu.

"Nilimkosea nani?"

"Usiseme hivyo, mama. Ni ugonjwa."

Alipokea dawa zake, tukarudi nyumbani.

Wiki zilizofuata nilikuwa kazini, kwa hiyo haya niliyasikia kwa baba. Mama alimwita jirani waliyekosana naye zamani kwa ajili ya mpaka wa shamba, akamwomba msamaha, ingawa sote tulijua mwenye kosa alikuwa yule jirani. Mbegu zake za maharagwe aliwagawia wanawake wa kikundi cha kanisa. Nafasi yake ya sokoni akampa rafiki yake. Dawa alizimeza siku kumi, kisha akaacha. Nilimpigia simu, nikamkaripia jinsi ninavyowakaripia wanafunzi.

"Mtoto akifeli anarudia darasa," alinijibu taratibu. "Moyo unarudia wapi?"

Nilikasirika. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Ilikuwa katikati ya muhula, mitihani ilikuwa karibu, nikajiambia nitakwenda tukifunga.

Nilipokwenda, zilikuwa zimepita wiki saba tangu aache dawa. Nilimkuta ameketi kwenye ukumbi wa nyumba, mito miwili mgongoni, akipumua kwa mdomo. Nilipobonyeza kifundo cha mguu wake, kidole changu kiliacha shimo. Baba alisimama kando akinitazama mimi, si mguu. Tulimpeleka zahanati ya karibu, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumfikisha Meru siku hiyo.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa huko huko. Alimsalimu mama kwa Kimeru na kumuuliza kama alipewa dawa.

"Nilipewa."

"Unameza?"

"Za nini, sista? Moyo ulishafeli. Binti yangu alisema, na yeye aliambiwa na daktari."

Muuguzi alinitazama, bila ukali. Kisha akavua kipimo chake cha kusikilizia kifua, akamtia mama masikioni, na ile ncha ya pili akamwekea kifuani, chini ya leso.

"Unasikia nini?"

Mama alisikiliza kwa muda mrefu. "Kitu kinagonga."

"Ni wewe huyo. Moyo haujafa, mama. Umelemewa. Hausukumi damu kwa nguvu kama zamani, ndiyo maana maji yanakushukia miguuni. Dawa zinaupunguzia mzigo. Hilo neno lao la Kiingereza ni baya, hata walimu na mapadri hutoka hapa wakilia."

Mama alivivua vile vya masikioni polepole, akamrudishia, akanigeukia.

"Mbona wewe hukuniambia hivi?"

"Sikujua, mama."

"Na wewe ndiye mwalimu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Miaka yote nilimsikia sokoni akiwaambia wateja kwamba bintiye anafundisha Kiingereza, hata wale waliokuja kununua ndizi mbili tu.

Alianza dawa siku hiyo hiyo. Uvimbe ulishuka. Baada ya wiki mbili tulirudi kwa yule daktari mjini. Aliuliza mama alikaa bila dawa kwa muda gani, nikamwambia. Akatazama vipimo vya kwanza, kisha vya sasa. Akasema, akichagua maneno, kwamba moyo umezidi kudhoofika, na nguvu iliyopotea si rahisi kurudi yote.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Safari hii nilimwomba daktari aseme tena, polepole, na nilipokwama nikamuuliza maana. Kisha nikamtafsiria mama kila kitu, hata habari ya zile wiki saba.

"Haya," akasema. "Tumesikia." Akanishika mkono, akanitaka nimsaidie kuinuka.

Alipata miezi mitano. Kanisani alikwenda akiketi kiti cha karibu na mlango. Githeri ya mahindi na maharagwe isiyo na chumvi alikula akikunja uso, akimwambia baba kwamba hata punda hulambishwa chumvi. Jumamosi moja alitaka apelekwe Gakoromone. Rafiki yake alitaka kumrudishia nafasi yake, akakataa, akaketi juu ya kreti na kuzungumza na watu mpaka sauti ikakauka.

Alifariki asubuhi moja ya baridi, akiwa amekunywa chai nusu kikombe. Baba alikuwa ameingia kwenye zizi la ng'ombe, na aliporudi alidhani amesinzia. Mimi nilikuwa darasani wakati simu ilipoita, na sikuipokea mpaka kipindi kilipokwisha.

Kwenye mazishi hakuna aliyenilaumu. Wengi hawakujua lolote la kunilaumia. Walinipongeza kwa kumhangaikia mama hospitalini, wakasema ni baraka kuwa na mtoto aliyesoma. Nilishukuru kila mmoja.

Sasa kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, mimi huenda Githongo kumsaidia baba shambani. Hatuzungumzi sana. Mwaka jana, msimu ulipoiva, tulikuwa tukichuma kahawa safu moja, yeye upande huu na mimi ule, nikaona niseme. Nikaanza, "Baba, zile wiki saba..."

Alichuma tawi lake mpaka likaisha. Kisha akainama kutazama chini ya mti wangu.

"Debe lako limejaa," akasema. "Kalimwage guniani, urudi."