Kiungo wa Timu Moja

Ninaikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kuliko hata siku yangu ya ndoa, na mke wangu anajua hivyo. Niliamka alfajiri, nikatia viatu vyangu vya mpira ndani ya kiroba, nikapanda gari la mizigo lililokuwa linakwenda Mbinga. Sikumuaga mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nahodha wa timu yetu ya Liuli, nikicheza kiungo. Kama hufuatilii mpira, kiungo ndiye anayepokea mpira kutoka kwa mabeki na kuupeleka mbele. Akikosekana, timu hukatika vipande viwili. Na jioni ile tulikuwa tucheze nusu fainali na vijana wa Mbamba Bay. Lakini mnunuzi mmoja wa kahawa alikuwa ameniona uwanjani, akaniahidi nafasi katika timu yake huko Mbinga, kazi ghalani na kitanda cha kulalia. Alisema gari haliningoji. Nikaona bahati imekuja, nikaondoka nayo.

Kocha niliyemkimbia alikuwa Mskoti, fundi wa mabomba ya maji aliyeletwa kwa kazi ya hospitali ya misheni. Jina lake tulilitamka Dugali, na watoto wakalifanya Ugali. Hakulikasirikia jina hilo. Alipokuwa mgeni bado, aliwaamkia shikamoo hata watoto wadogo wa shule, nao wakawa wanamvizia njiani makusudi ili waitikie marahaba. Kwao Uskoti alikuwa kiungo kama mimi, akaichezea timu ya mji wake mdogo miaka kumi na saba, hiyo hiyo moja. Yeye mwenyewe hakutuambia. Tulilisikia kwa mgeni wa kwao aliyepita kumsalimia.

Basi Mbinga nilicheza mechi tatu. Baridi ya kule, mwanangu, mtu wa ziwani haizoei upesi. Katika mechi ya tatu goti likapinda, nikabebwa nje. Baada ya wiki moja mnunuzi alikuwa amepata kiungo mwingine kutoka Songea, na kitanda changu akapewa huyo. Mimi nikahamishiwa ghalani, kwenye magunia. Sikuweza kulaumu. Mtu aliyenichukua upesi aliniacha upesi.

Siku moja mchana nikamwona Bwana Dugali mlangoni, vumbi la barabara limemjaa nywele; habari za goti langu zilikuwa zimemfikia.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, Osmundi. Nionyeshe goti."

Akakaa juu ya gunia, akalishika goti langu na kulikunja polepole. Nilingoja anigombeze. Alipomaliza akasema, "Siku ile Danstani alimwomba refa angoje. Alimwambia, nahodha wetu yuko njiani, labda mama yake anaumwa. Refa akangoja. Uwanja mzima ukatazama njia ya kwenu. Na mimi nilitazama."

Danstani alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa watoto. Yeye alicheza pembeni, na pasi zangu nyingi zilikuwa zake. Nikauliza matokeo. Walifungwa manne kwa bila.

"Ningekuaga ungenizuia," nikasema.

"Ndiyo, ningekuzuia. Tungebishana, halafu ungeondoka. Lakini Danstani asingetazama njia."

Kijana aliyebanwa hutafuta ugomvi. Nikamwuliza, "Kwani wewe timu kubwa hazikukuita?"

"Ziliniita. Mara mbili."

"Na hukujuta?"

Nilidhani atasema hapana, wakubwa wengi wangesema hapana. Akasema, "Nilijuta. Timu iliyoniita ilipokuwa inatangazwa redioni nilitoka nyumbani nikaenda kutembea peke yangu. Mke wangu alijua asinisemeshe."

"Sasa ulibaki kwa nini?"

"Mara ya kwanza timu yetu ilikuwa imeshuka daraja, na penalti ya mwisho niliikosa mimi. Niliona vibaya niwaachie wenzangu aibu ambayo mguu wangu ndio ulioileta. Mara ya pili..." Akacheka, akajifuta vumbi usoni. "Mara ya pili nilikuwa nimeshawapenda tu."

Hakuniambia nirudi. Alisimama, akachukua mfuko wake wa spana. Ni mimi niliyeuliza kama naweza.

"Gari ni lile pale," akasema. "Ila unahodha anao Danstani. Na jezi yako namba nane anaivaa yeye."

Nilirudi nikichechemea. Kabla ya kufika kwetu nilipita kwa Danstani, nikamkuta ufukweni anaanika dagaa juu ya chanja. Nikamwambia, "Danstani, nimekukosea. Mama hakuwa anaumwa. Nilitaka kuondoka, na nikaogopa kukuangalia usoni."

Akaendelea kutandaza dagaa. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo. Mwishowe akasema, bila kuinua kichwa, "Anza upande ule." Tukaanika mpaka dagaa wakaisha. Msamaha wenyewe ulichelewa. Msimu mzima nilifua jezi za wenzangu, na msimu uliofuata nikacheza chini ya unahodha wake. Nikacheza miaka kumi na moja. Kombe la wilaya hatukulipata hata mara moja, sitakudanganya. Na ziko siku nilijiuliza ningefika wapi.

Bwana Dugali mkataba wake ulipokwisha, alimaliza siku mbili akipita kwa kila mchezaji, nyumba kwa nyumba, kuaga. Kila nyumba ikampikia, na kila sahani akaila, mpaka tumbo likamlaza hospitali ile ile aliyoiletea maji. Alipona, akapita nyumba mbili zilizobaki, ndipo akapanda meli.

Mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu najua nawe utaitwa siku moja, na pengine umeshaitwa. Sikukatazi kwenda. Ukibaki, baki kwa kuwa unawapenda watu wako, wala usiwadai shukrani kila siku, na majuto yakikujia usiyaonee haya, yatapita kama yalivyokuja. Ukiondoka, ondoka mchana, watu wakikuona. Waangalie usoni wale wanaokutegemea, waache wakulaumu, waache hata walie, kisha nenda. Lakini usimwache mwenzako anakutetea kwa refa wakati wewe unajua hutafika.

Mungu akupe miguu mizima na kazi ya kuipenda. Akupe wenzako watakaokungoja, na moyo wa kutowachosha kungoja. Nenda salama, mwanangu, na urudi salama.