Mtoto Aliyeziba Masikio

Mwaka ule helikopta za watu wa gesi zilipita juu ya mji wetu wa Palma kutwa, zikienda kwenye meli za kuchimba huko mbali baharini, na kila ilipopita moja binti yangu aliingia uvunguni mwa kitanda, akaziba masikio. Alikuwa na miaka sita. Kusoma alijua kabla hatujampeleka skola, lakini mwalimu wake alilalamika kwamba haangalii mtu usoni, hachezi na wenzake, na ukimgusa bega analia kana kwamba umemmwagia uji wa moto. Mwalimu huyo ndiye aliyenishauri tumpeleke hospitali ya mkoa, mjini Pemba.

Huko dotora mmoja, mwanamke mpole, alikaa naye asubuhi nzima. Binti yangu alimuuliza, "Kama gesi iko chini ya bahari, sasa hivi nani ameishikilia isitoke?" Dotora hakucheka. Alimweleza habari za mawe na uzito wake, kisha akanigeukia, akataja neno ambalo sikuwahi kulisikia: Asperger. Akasema si adhabu, si malezi mabaya. Mtoto amezaliwa hivyo, anasikia na kuona kwa namna yake.

"Kuziba masikio si ukaidi," alisema. "Kelele zinamuuma kweli."

Tuliporudi tulipita kijiji cha Mute, mtoto akiwa amelala mapajani mwangu. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama.

Mama tulimkuta uani anakuna nazi. Nilimweleza yote, naye akasikiliza huku mkono unaendelea. Nilipofika kwenye masikio, mkono ukasimama.

"Kasema kelele zinamuuma?"

"Ndiyo, mama."

"Hasingizii?"

"Hasingizii."

Akaiweka nazi chini. "Kaka yako naye alikuwa anaziba."

Sura ya kaka yangu siikumbuki. Nilikuwa mdogo mno alipofariki. Ninachokumbuka ni mvumo wake tu, mdomo umefungwa, amejibanza pembeni mwa ukuta. Binti yangu alipoanza kuvuma vilevile, kabla hajatimiza miaka miwili, nywele zilinisimama, na sikumwambia mtu.

Kwetu ilijulikana kwamba kaka alikuwa na jini, akavushwa mto wa mpakani pale Namoto kwa mganga wa ng'ambo, akapigiwa ngoma. Siku ile pale uani mama aliniambia kilichobaki. Mganga alimwamuru amtoe mwanawe mikono masikioni, eti jini lisikie.

"Nikamshika mikono," mama alisema. "Hakuwa mtu wa kukutazama machoni yule. Siku ile alinitazama."

Kaka alirudi hasemi tena. Mvua zilipoanza, homa ikamchukua.

Tangu aliponisimulia hayo, mama alibadilika. Mtoto akivuma chumbani, yeye huacha anachofanya na kusimama mlangoni, haingii, haondoki. Mara nyingine nilimwona midomo inamcheza, lakini sikujua anaongea na nani.

Halafu mama mdogo akaja kutoka Olumbi. Alikuwa amesikia habari zetu, na alikuwa na mganga wake, mtu hodari, alisema, watu wanatoka hadi Mtwara kumfuata.

"Huyu haendi," mama alisema.

"Dada, unaacha dawa zetu unashika maneno ya hospitali?"

"Nimeshika nilichokiona kwa macho yangu. Haendi."

Mama mdogo alinuna, akaondoka hata chai hakunywa. Hajaligusa tena jambo lile.

Wiki hiyohiyo helikopta ilipita chini sana, mabati yakatetemeka. Nilikimbilia chumbani nikamkuta mama ameshatangulia. Alikuwa amelala sakafuni kifudifudi, shavu kwenye saruji, anatazama uvunguni. Hakumgusa mtoto. "Inapita," alikuwa anasema polepole. "Bibi yako yupo. Inapita." Kisha akamwita kwa jina la kaka yangu.

Kelele zilipokwisha, binti yangu alitoa mikono masikioni.

"Bibi, hilo si jina langu."

"Najua, mjukuu wangu," mama alisema, na hakuinuka pale chini.