Mkato aongeza mistari kabla ya kwenda kujifungua

Saa mbili asubuhi, karakana ya mashine za kutotolea vifaranga imeshachangamka. Mwanamke mmoja amesogeza kiti nyuma ili tumbo lipate nafasi, na mikono inaifikia kompyuta kwa taabu. Anafuta mstari mmoja wa programu, anaandika sita badala yake, huku akisonya.

"Inaniuma kweli," anasema, kisha anacheka. "Kitu kilikuwa kifupi, kizuri!"

Wenzake humwita Mkato. Zimebaki siku chache aanze likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Programu inayoendesha joto na sinia za mayai aliiandika yeye, kwa lugha ya C, akaijaza makro za herufi mbili mbili. Makro ni jina fupi: kompyuta ikilikuta, hubandika maandishi marefu mahali pake. Mkato alizipenda kupita kiasi. Programu ikawa fupi ajabu, na aliyeielewa ni yeye peke yake.

Hapo ndipo penye kazi. Atakayebaki na mashine ni mwenzake wa meza ya pili, ambaye karakana nzima humwita Babu ingawa hana hata unywele mmoja mweupe. Mkato alipojifungua mtoto wa kwanza, simu za kazini zilimfuata hadi wodini.

"Nilikuwa nanyonyesha huku namweleza Babu maana ya KB," anakumbuka. "Safari hii nataka kulala."

KB ilikuwa makro ya kuchagua namba kubwa kati ya mbili. Mwezi uliopita Babu aliona sinia zimeinamia kushoto kila anapopita, wakati zinatakiwa kubadilisha upande kila saa, la sivyo kifaranga hunata kwenye ganda. Akakagua mota, nyaya, hadi grisi. Wapi!

Kosa lilikuwa kwenye KB. Mahali pa namba, Mkato aliweka amri ya kugeuza sinia na kuhesabu mageuzo. Makro haifikirii, inabandika tu. Amri ikabandikwa mara mbili, penye kulinganisha namba na penye kutoa jibu, ikatekelezwa mara mbili: sinia inainamia kulia, halafu hapo hapo inarudi kushoto.

"Nikamwambia, dada, mayai yako yanacheza kwaya," anasema Babu, mbavu hana.

"Nilitaka kulia," anadakia Mkato. "Nikajikuta nacheka mpaka mtoto akanipiga teke."

Bahati nzuri mayai yalikuwa ya majaribio, tena ndiyo kwanza yameingizwa. Tangu siku hiyo anazifumua makro zake, ila si zote.

"JOTO_LA_MAYAI nimeiacha. Ni makro, lakini ukiisoma tu umeelewa. Zinazoficha kazi ndizo nazitoa, hata mistari ikiwa mingi."

Mchana anamtaka Babu abadilishe muda wa kugeuza sinia, bila msaada. Yeye amejiziba mdomo kwa kiganja. Babu anasoma kwa sauti, anasita, anaendelea, anabonyeza. Sinia inainamia kulia na kubaki kulia. Karakana inalipuka kwa makofi, na Mkato machozi ya furaha yanamtoka.

"Nikirudi nataka nikute umebadilisha nusu yake," anamwambia Babu. "Bila kuniuliza."

Wiki iliyofuata, mwandishi wa makala haya alimpigia simu Mkato kuhakiki jambo dogo. Alipokea mama yake.

"Amejifungua salama, mtoto wa kike," alisema kwa sauti ya chini. "Kama ni mambo ya mashine, mwanangu, muulize Babu. Huku watu wamelala."