Siku Niliyomwangukia Mama Mkwe Kutoka Darini

Jamani, msicheke kwanza, maana wengine wenu mlisimuliwa nusu, na ile nusu nyingine ndiyo ninayoionea aibu mpaka leo. Mimi niliyejiita fundi wa mitandao ya kompyuta hapa Baraka (mtandao wenyewe ulikuwa kompyuta mbili na betri ya sola), nilianguka kutoka darini, nikatua mbele ya mama mkwe.

Mwaka ule vita vilikuwa vimefika Lubondja, kijijini kwa wakwe zangu, na mama wa mke wangu Riziki akakimbilia kwetu, miguu imevimba, peke yake, maana baba mkwe tulikwisha kumpoteza hukohuko. Alikuwa hasemi. Anaitika kwa kichwa, basi. Na sisi Wabembe mnatujua: mkwe hali mbele ya mama mkwe, haketi naye chumba kimoja, akimwona njiani anakata kona. Sasa nyumba ina vyumba viwili na sebule katikati, kona utaikatia wapi?

Na mimi nilikuwa na mtihani Uvira. Si wa kuandika, ni wa mikono: unapewa waya, koleo la kubania na kompyuta mbili katika vyumba viwili, mtahini amesimama nyuma yako, na kompyuta zisipoonana umeshindwa. Nikifaulu, kazi ipo. Nikishindwa, sijui lini tena, maana barabara ya Uvira siku zile ilikuwa inafunguka na kufungwa kama mlango wa choo.

Ilibidi nifanye mazoezi ya kuvuta waya kutoka chumba chetu mpaka cha pili, na njia ni sebule, na sebuleni ameketi mama mkwe pamoja na bamama wa kanisa waliokuja kumpa pole. Mwenye akili angengoja. Mimi nikasema, la, heshima ni heshima, nitapita juu. Basi nikapanda darini na kaptula iliyochanika nyuma (nani ataniona huko?), waya nimeuma kwa meno, natambaa juu ya mianzi ambayo chini yake ni shitingi tu, yale maturubai ya plastiki, nikasikia bamama wanaombea chakula, nikafumba macho kidogo ili niitike amina, na hapohapo goti likakosa mwanzi.

Shitingi ikapasuka. Nikashuka na vumbi na mavi ya panya, mkono mmoja ukazama kwenye bugali ya moto, ndakala, ndizo dagaa, zikaruka, waya bado mdomoni, na kaptula ikamalizia kuchanika. Mama mmoja alipaza sauti, "Yesu! Bomu!" akatoka mbio. Riziki akaja na mwiko.

"We baba Furaha, ulikuwa unatafuta nini kule yulu?"

"Nilikuwa naogopa kupita mbele ya mama," nikajibu.

Kisha nikasikia kicheko, na ni mama mkwe. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea. Akafungua kikwembe chake cha juu, akanifunika yeye mwenyewe.

"Vita ilinifukuza mu nyumba yangu, mutoto," akasema. "Na weye, haya ikufukuze mu yako? Ikala hapa."

Nikaketi. Riziki aligeukia ukutani, analia, kwa sababu tangu Lubondja hakuwa amesikia sauti ya mama yake.

Mkono ulikuwa umeteguka, ukavimba vibaya, na mama aliukanda kila asubuhi kwa maji ya moto na mawese, vidole vyake juu ya vyangu, jambo ambalo kwetu halifanyiki. "Iko inauma?" ananiuliza. "Hapana, mama," nasema, na machozi yananitoka. Nilimpenda sana mama yule.

Uvira nilimaliza wa mwisho, mkono umefungwa kitambaa, lakini kompyuta zikaonana. Darini sipandi tena, hata nyumba ikiungua, na wewe mwenye mama mkwe nakushauri upite mlangoni, useme hodi, uketi.

Niliporudi nilikula naye sahani moja, nikamweleza jinsi waya unavyopeleka maneno chumba cha pili. Alisikiliza, akamega tonge, akalishika tu.

"Ile waya," akauliza, "inaweza kufika ku Lubondja?"

"Bado, mama," nikasema, nikamsogezea ndakala.